Mbwa walilijua lile rundo kabla yetu

Mwezi wa sita, Mafinga, hakuna mtu anayetoka nje alfajiri bila sababu. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Mwaka ule mbwa watatu wa babu mlinzi waliacha kulala getini wakahamia nyuma ya kiwanda, juu kabisa ya rundo la maranda. Kila nikiingia kazini nawakuta wamejikunja pale kama wako jikoni. Babu alikuwa akicheka: "Dada, hawa wenzetu wamepata godoro." Nami nacheka naye, napita zangu kwenda kunywa chai.

Nilikuwa na miezi minane tu kwenye cheo cha msimamizi wa usalama na mazingira. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita kwenye kibanda cha kupokea magogo, kazi yangu kupima na kuandika. Cheo kipya kilikuja na mafunzo ya siku tatu mjini Iringa na kizibao kimoja cha rifleta. Hakuna aliyeniambia kwamba mbwa akilala juu ya maranda wakati wa baridi, hiyo nayo ni taarifa ya kuandikwa.

Naandika haya kwa sababu wenzangu wawili wa viwanda vya jirani wameniuliza mwezi huu, kila mmoja kwa wakati wake, "Hivi nyie baada ya ule moto mlifanyaje mpaka mkafunguliwa?" Nimechoka kueleza kwa simu. Jina la kiwanda sitaji, na la mwenye kiwanda sitaji. Bado nakula kwake.

Kwa asiyeijua Mufindi, wilaya yetu mkoani Iringa, Tanzania: hapa ndipo lilipo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, zaidi ya hekta 130,000 ukihesabu na maeneo yasiyopandwa. Misindano mpaka macho yachoke, na mikaratusi katikati. Barabara kuu ya kwenda Mbeya inakatiza mjini, na kila ukigeuka kuna mtu anapasua mbao, kuanzia viwanda vyenye matanuru ya kukaushia hadi mashine ndogo za kuhamahama tunazoziita dingdong. Gogo likishapita kwenye msumeno, nusu yake au zaidi haiwi mbao. Inakuwa mabanzi, vipande, na maranda, ambayo wengine huyaita pumba za mbao. Mabanzi hayakai, wachoma matofali na akina mama wa kuni wanayagombania. Maranda wafuga kuku huchukua viroba vichache kwa matandiko, kidogo huenda kwenye boila, na yaliyobaki hupelekwa nyuma.

Nyuma kwetu palikuwa na kibonde. Kwa miaka 16 tipa lilikuwa linarudi kinyumenyume, linainua, linamwaga, linaondoka. Kibonde kikajaa kikawa uwanja, uwanja ukawa kilima. Tulipokuja kulipima baadaye kwa amri ya watu, rundo lilikuwa na urefu wa mita 80, upana wa mita 45, na kimo cha mita 9 pale lilipoinuka zaidi. Nilifanya kazi miaka karibu saba pembeni ya kilima kile na sikuwahi kukipima, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kupima.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinapika ndani, maana wengi bado wanadhani kuna mtu alitupa kichungi cha sigara. Maranda mabichi ya msindano karibu nusu ya uzito wake ni maji. Vijidudu vinaanza kuyala, na vikila vinatoa joto, kama samadi mbichi inavyofuka asubuhi. Maranda yenyewe ni blanketi, kwa hiyo joto halina pa kwenda. Likipita nyuzi joto 60 au 70 za Sentigredi vijidudu vingi vinakufa, lakini kufikia hapo mti wenyewe umeshaanza kuungana na hewa taratibu na kutoa joto lake. Rundo la mita mbili linapoa. La mita tisa, lililoshindiliwa na matairi ya tipa miaka yote hiyo, linaiva katikati kama viazi kwenye majivu. Linaweza kukaa hivyo miezi, likitoa kamoshi kembamba. Na huku kwetu, nani atashangaa kuona kitu kama ukungu?

Moto wenyewe ulitoka Jumapili ya mwezi wa tisa, wakati upepo wa kiangazi umekausha kila kitu. Saa kumi alfajiri simu ikaita. "Dada," babu akasema, na hakupiga kelele, "godoro linaungua."

Nilipofika palikuwa na tundu tu, kubwa kama karai, ndani jekundu. Meneja alikuwa na wazo ambalo kila mtu angekuwa nalo: chimbua, mwaga maji, turudi kulala. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikaletwa. Ndoo ya kwanza, ya pili. Ndoo ya tatu ilipofunua tumbo la rundo, hewa ikaingia, na ubavu mzima ukawaka kwa mpigo mmoja. Opereta aliruka akaiacha mashine inanguruma peke yake. Alipona, namshukuru Mungu. Kijiko kilibabuka rangi mkono mzima na mpaka leo kinajulikana kwa jina la Mkaanga.

Tulipiga 114. Zimamoto walipofika, kamanda wao hakuanza na maji. Alianza kwa kumzima Mkaanga. "Mnalipulizia kama jiko la mkaa," alisema. Halafu akatufundisha kazi ambayo ilituchukua siku 19. Kwanza, mtaro wa kukata rundo, sehemu inayoungua itengane na ambayo haijaguswa. Pili, ile inayoungua ifunikwe udongo ikose hewa, isipokuwa kipande kinachofanyiwa kazi. Halafu kinachotolewa kinatolewa ndoo moja moja, kinatandazwa juu ya ardhi tupu unene wa kiganja, kinamwagiwa maji yenye sabuni, kinageuzwa kwa reki, kinamwagiwa tena. Sabuni ina maana yake: maranda yaliyoungua yanafanya gamba, na maji matupu yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Boza letu la kwanza lote, lita elfu kumi, lilikuwa limeteremka bondeni bila kulowesha kitu. Kumbuka hilo boza, nitarudi kwake.

Usiku wa nne vibarua wawili walijilaza upande ambao moshi ulikuwa unaelekea, kwa sababu palikuwa na joto. Waliamshwa wakitapika, vichwa vinawapasuka. Ni gesi ileile inayoua watu waliofunga madirisha na jiko la mkaa ndani. Walilazwa usiku mmoja wakatoka. Kanuni ya kwanza niliyowahi kuandika kwa mkono wangu katika kazi hii ni kwamba hakuna kulala ndani ya mita 50 za rundo. Niliiandika kwenye kipande cha ubao kwa mkaa, na mkaa, kwa kweli, ulikuwa mwingi.

Siku ya sita wakaanza kuja wakaguzi.

Mkaguzi wa mazingira alikuwa binti, mdogo kuliko mimi, kavaa gambuti zilizokwisha kuona mambo. Alilizunguka rundo mara mbili bila kusema, akaomba ofisi, akaomba cheti cha mazingira. Nikampa kwa fahari, maana kilikuwepo, tena kwenye fremu. Akaomba ripoti iliyozaa kile cheti. Ilichukua saa nzima kuipata. Akafungua ukurasa wa taka ngumu, akatusomea kwa sauti: maranda yote yatatumika kwenye boila na mengine yatagawiwa kwa wananchi, hakutakuwa na limbikizo la kudumu.

"Lile kule nje ni nini?"

Mwenye kiwanda akajibu kwa upole kabisa, mtu mzima mwenye mvi: "Afisa, lile si taka. Ni mti tu."

"Mzee, mnaliuza?"

"Hapana."

"Mnalitumia?"

"Kidogo."

"Litaondoka lini?"

Kimya. Mtu akakohoa.

"Basi, mzee wangu, hizo ni taka na pale ni dampo. Naomba kuona kibali cha dampo."

Kibali cha dampo tungekitoa wapi? Katika kiwanda kizima hapakuwa na karatasi hata moja inayolitaja lile rundo. Hapo akaniomba taarifa za ufuatiliaji za kila mwaka, zile tunazopaswa kupeleka wenyewe. Zilikuwepo, na ya mwisho ilikuwa na sahihi yangu. Kwenye kipengele cha taka ngumu iliandikwa: "Zinadhibitiwa kwa mujibu wa mpango." Nilikuwa nimenakili sentensi hiyo kutoka taarifa ya mwaka uliotangulia, iliyonakiliwa kutoka mwaka uliotangulia huo. Alinitazama tu. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa majuma yaliyofuata nilisoma sheria kuliko nilivyosoma shuleni, usiku, kwa tochi ya simu. Nilichokigundua ni kwamba rundo letu moja lilikuwa na majina manne. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 lilikuwa dampo lisilo na kibali, na aliyechafua anaweza kuamriwa kurejesha eneo kama lilivyokuwa. Kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria yao Na. 14 ya 2007, lilikuwa shehena ya kuni isiyo na njia ya gari la zimamoto kuzunguka. Kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 lilikuwa sehemu ya kazi, na wale vibarua wawili walikuwa wafanyakazi wangu hata kama wanalipwa kwa siku. Na kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 lilikuwa chanzo cha majitaka. Mwenye kiwanda alikuwa akilalamika kwamba kila ofisi inataka barua yake. Nami mwanzoni nililalamika. Baadaye nikaona kila ofisi ilikuwa inaangalia upande wake wa kilima, na sisi tuliokaa nacho hatukuangalia upande wowote.

Nirudi kwenye lile boza. Maji yaliyoteremka bondeni, na mengine mengi baada yake, yaliingia kwenye kijito. Pembeni ya kijito kuna vinyungu vya akina mama, mboga na mahindi mabichi ya kiangazi. Siku ya nane mama mmoja alikuja getini na dumu la lita tano. Tukasalimiana, "kamwene, kamwene," kisha akaliinua dumu mwangani. "Mwanangu, mmetupikia chai ya rangi."

Ilikuwa chai ya rangi kweli. Maji yakipita kwenye maranda yanachukua tanini na vitu vingine vya mti, yanatoka ya kahawia. Ukisema "ni mti tu" kama bosi wangu, utadhani hayana neno. Lakini vile vitu vikianza kuoza mtoni vinakula hewa iliyomo majini, samaki wanakosa pumzi. Na vijito vya huku si vya kwetu peke yetu. Mto Ruaha Mdogo unaanzia Mufindi kabla haujafika Iringa. Tulichimba haraka mitaro ya kukinga na bwawa la kutulizia maji, tukaliwekea turubai nene la plastiki. Lingekuwepo kabla ya moto tungelitumia kama akiba ya kuzimia. Sasa linafanya kazi zote mbili, na hilo ni wazo la kamanda wa zimamoto, si langu.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka kuliandika.

Wiki ya pili, jivu likiwa limeanza kupoa, akina mama wa vinyungu waliniuliza kama wanaweza kuchukua. Jivu la kuni wanalijua, wanalimwaga kwenye mboga kuzuia wadudu. Nilikuwa na aibu ya ile chai ya rangi, nikaona hapa ndipo pa kuwapoza. Nikasema chukueni. Walichukua kina mama 11, viroba vyao.

Siku tatu baadaye Mkaanga alifunua kona ya kaskazini ya rundo na kutoa vipande vya nguzo za umeme. Vichwa vya nguzo, vilivyokatwa, zaidi ya mia, vyenye ile rangi ya kijani ambayo kila mtu wa Mafinga anaijua. Sisi hatutibu nguzo. Ile kijani ni dawa ya shaba, kromu na aseniki. Inalinda nguzo ardhini miaka mingi, lakini ukiichoma, aseniki nyingine inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye jivu. Vingine vilikuwa vimeungua nusu.

Niliondoka pale nikakimbia. Nasema kukimbia, si kutembea haraka. Nilipita nyumba kwa nyumba mpaka giza, na kesho yake. Viroba vinane nilivipata havijafunguliwa. Viwili vilikuwa vimemwagwa kwenye mchicha. Kimoja, mwenyewe alikuwa ameshakitumia kusugulia masufuria. Kumwambia mtu mzima kwamba jivu ulilompa wewe mwenyewe asilile wala asiliguse, aing'oe mboga yake, aisugue upya sufuria yake, hakuna semina inayokufundisha. Kiwanda kililipa mchicha. Sampuli za jivu na udongo zikapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali: kona nne za rundo, vile viroba, na bustani mbili. Majibu yalichukua muda wake. Kona tatu safi, kona ya kaskazini mbaya. Bustani zilikuwa salama, kwa sababu jivu lao lilitoka upande wa kusini. Ni bahati tu. Sikuwa nimewachagulia upande.

Nguzo zilifikaje? Babu mlinzi aliniambia mwenyewe, usiku, bila kuulizwa mara mbili. Kulikuwa na mtu mwenye kigari, akija jioni na vipande vyake, anampa elfu tano, anamwaga, anaondoka. Kwa akili ya babu hilo halikuwa kosa: ni mti juu ya miti. Mwenye kiwanda alitaka kumfukuza siku hiyohiyo. Nilimtetea. Nilisema hata bosi mwenyewe alimwambia afisa kwamba ni mti tu. Babu akabaki, akakatwa mshahara wa mwezi. Mpaka leo sina hakika kama nilifanya sawa, maana mtu huyohuyo aliyeniamsha saa kumi ndiye aliyeweka sumu ndani.

Katika zile siku za kukosa usingizi nilikutana mtandaoni na habari ya Moody, mji mdogo jimbo la Alabama, Marekani. Novemba 2022 dampo la binafsi la matawi, visiki na miti lilishika moto, ukaingia chini kwa chini, na watu walivuta moshi kwa majuma na majuma. Ukichimbua kisa chenyewe, unakuta kwamba sheria za jimbo hazikuwa zinadhibiti dampo la taka za mimea tupu kama zinavyodhibiti madampo mengine. Mti ni mti, waliona. Januari 2023 gavana alitangaza hali ya dharura, na shirika la mazingira la serikali kuu likaingia kuufunika moto kwa udongo. Nilimsomea bosi wangu habari hiyo mezani, natafsiri mstari kwa mstari. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe hata Wamarekani." Alisema kama mtu aliyefarijika, nikaona nimekosea kumsomea.

Haya, maswali ya wenzangu. Tulifungwa siku 47. Watu 63 bila ujira, na hao ndio waliolipa kuliko sisi wa ofisini. Faini ililipwa, kiasi si changu kukitaja, ila niwaambie tu kwamba si faini iliyotuumiza. Kilichoumiza ni usafiri. Amri ilitaka kila kilichoungua kiondoke pale kwenda eneo lililoruhusiwa na halmashauri, na ile kona ya kaskazini ikae chini ya turubai mpaka ichukuliwe na mwenye kibali cha taka hatarishi. Tripu za tipa zilikuwa 388. Najua kwa sababu safari hii niliziandika zote, tarehe, namba ya gari, kilichobebwa, kilikokwenda, sahihi ya aliyepokea. Mkaguzi aliporudi alichagua tripu tano bila mpangilio akazifuatilia mpaka mwisho wa safari. Tungekuwa na pengo moja, nadhani tungefungwa tena.

Kwa hiyo kama mnataka ushauri wangu, anzeni na daftari kabla ya koleo. Wengi wanakimbilia kusafisha ili mkaguzi akija akute pamependeza. Akikuta pamependeza na huna karatasi inayosema uchafu ulikwenda wapi, umejiongezea kosa.

Maranda mapya siku hizi hayaendi bondeni. Yanawekwa kwa safu, kimo hakizidi mita mbili na nusu, na katikati ya safu na safu gari la zimamoto linapita. Hakuna safu inayokaa zaidi ya siku 60. Boila ilifanyiwa marekebisho ikawa inakula maranda mengi zaidi, na wafuga kuku wanapewa yale tu yanayotoka moja kwa moja kwenye msumeno, kamwe si ya kwenye safu. Geti la nyuma lina kufuli, na ufunguo ninao mimi. Nina kipimajoto cha fimbo, mita moja na nusu, nachoma kila safu sehemu tatu kila asubuhi. Tulijiwekea mipaka yetu wenyewe kwenye mpango uliopitishwa: ikifika nyuzi 60 tunaigeuza siku hiyo, boza likiwa pembeni, ikifika 75 hatuigusi mpaka zimamoto waje. Kipimajoto kimoja kilinunuliwa kwa bei ambayo bosi aliita wizi. Nikamkumbusha bei ya kupaka rangi kijiko.

Bwawa bado lina kasoro. Turubai limechanika kona moja, na mvua za Novemba zikianza kabla hatujaliziba tutarudi kwenye chai ya rangi. Nimeandika barua mbili. Ya tatu naipeleka kesho, na nakala yake itaingia kwenye taarifa ya mwaka, kwa maneno mapya yasiyonakiliwa popote.

Mbwa wamebaki wawili. Mmoja alizeeka akafa. Jumanne iliyopita nilimkuta Bobi amejikunja juu ya safu ya tatu, pua ndani ya mkia. Kipimo cha jana yake pale kilikuwa 48 na sikuwa na sababu ya wasiwasi. Nikamsogeza kwa mguu taratibu, nikachoma fimbo palepale alipokuwa amelala, hatua mbili kutoka sehemu ninayopima siku zote. 66. Mkaanga akaigeuza kabla ya chai ya saa nne. Kwenye daftari nikaandika saa, safu, kipimo, hatua iliyochukuliwa, na kwenye nafasi ya maoni nikaandika neno moja: mbwa. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Akiuliza, nitamweleza.